Vyeo vya Kuchezwa: Beni, Mganda na Uamuzi wa Mchezaji katika Nchi ya Songea

Miongoni mwa michezo ambayo binadamu wameibuni, ipo inayomtaka mchezaji avae nafsi ya mtu mwingine, aamue mambo kwa niaba ya mtu huyo, kisha abebe matokeo ya uamuzi wake mpaka mchezo unapokwisha, na pengine hata baada ya hapo. Katika nchi za Magharibi mchezo wa namna hii ulikulia mezani: watu wachache huketi pamoja, kila mmoja akiwa na mhusika wake, na mwenzao mmoja, ambaye ndiye mwendesha mchezo, hueleza mazingira, huwauliza wanaamua nini, hurusha dadu pale jambo linapokuwa la bahati, kisha hutamka kilichotokea. Mchezo wa kwanza wa aina hiyo kuuzwa madukani, Dungeons & Dragons, ulitungwa na Gary Gygax na Dave Arneson na kuchapishwa Marekani mwaka 1974. Nusu karne kabla ya hapo, kusini mwa Tanganyika, mchezo wa jamaa hiyohiyo ulichezwa kwa sare, kwa gwaride na kwa ngoma, na maamuzi ya wachezaji wake yaligusa chakula, heshima na usalama wao halisi. Pwani ulijulikana kwa jina la beni. Ulipotia mizizi kusini, kutoka Songea hadi ufuko wa Ziwa Nyasa, ukaitwa mganda.

Ujamaa wa michezo hiyo miwili haukutungwa kwa ajili ya hoja hii, kwa kuwa yote ina asili moja, nayo ni jeshi la Ulaya la karne ya 19. Mwaka 1812 Georg Leopold von Reisswitz alimwonyesha mfalme wa Prussia mchezo wa vita wa mezani, na mwaka 1824 mwanawe, aliyekuwa ofisa wa mizinga, aliuboresha kwa matumizi ya jeshi. Vikosi viliwakilishwa na vipande vidogo vyekundu na vya buluu juu ya ramani, kila zamu ilihesabiwa kuwa dakika mbili za vita, dadu iliamua hasara, na mwamuzi aliyesimama kati ya pande mbili ndiye pekee aliyejua kila upande umeamuru nini. Nusu karne baadaye, mwaka 1876, ofisa mwingine wa Prussia, Julius von Verdy du Vernois, alipendekeza mwamuzi aachiwe ahukumu kwa uzoefu wake badala ya kufuata majedwali. Wazo la mwamuzi huru lilivuka bahari hadi Marekani, na mwaka 1969, katika jimbo la Minnesota, David Wesely aliendesha mchezo uliowekwa katika mji wa kubuni wa Kijerumani uitwao Braunstein, ambamo kila mchezaji alipewa mtu mmoja wa kumwigiza badala ya kikosi cha kukiamuru. Arneson alikuwa miongoni mwa wachezaji wake. Jeshi lile lile la Prussia, lililokuja kuwa uti wa mgongo wa jeshi la dola ya Ujerumani, ndilo lililotoa maofisa waliokuja Afrika Mashariki na gwaride lao, tarumbeta zao na orodha yao ndefu ya vyeo, na vijana wa Kiafrika waliotazama gwaride hilo hawakuishia kutazama.

Ili kuelewa kwa nini vyeo vya kuigiza vilipokewa kwa uzito mkubwa katika nchi ya Songea, ni lazima kwanza kujua vyeo halisi vilivyokuwapo huko na namna vilivyovunjwa. Wangoni waliingia nchi hiyo katikati ya karne ya 19, baada ya kifo cha Zwangendaba huko Ufipa, wakaanzisha tawala mbili, Njelu chini ya ukoo wa Gama na Mshope chini ya ukoo wa Tawete. Chini ya nkosi, yaani mfalme, walikuwapo manduna, ambao walikuwa makamanda wa vita na watawala wa maeneo kwa pamoja. Jambo la kuzingatia ni kwamba unduna haukuwa wa damu ya kifalme peke yake: mateka aliyechukuliwa vitani akiwa mtoto angeweza kupanda kwa ushujaa, na Songea Mbano, ambaye mji umerithi jina lake, alikuwa nduna mwenye nguvu bila kuwa wa ukoo wa Gama. Kijana wa Kingoni alikua akijua kwamba uamuzi wake siku ya vita ungeweza kumpandisha au kumwangusha.

Mwaka 1905, vita vya Majimaji dhidi ya Wajerumani vilipozuka, viongozi hao walikabiliwa na uamuzi ulio mzito kuliko yote. Mjumbe wa maji, Omari Kinjala, alifika Ungoni akileta dawa iliyotoka kwa Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, iliyosemekana kuzigeuza risasi za Wajerumani kuwa maji. Chabruma wa Mshope aliipokea. Mputa Gama wa Njelu akaipokea pia, pamoja na manduna wake wengi. Mapigano yalionyesha haraka kwamba dawa haikuzuia risasi. Tarehe 27 Februari 1906 Wajerumani waliwanyonga mjini Songea viongozi na wapiganaji kwa makumi, Mputa akiwa miongoni mwao. Songea Mbano naye alinyongwa mwaka huohuo, na Chabruma alikimbilia ng'ambo ya mto Ruvuma, katika eneo la Wareno, akauawa huko. Jeshi la kikoloni lilichoma mashamba na maghala, njaa ikaua watu wengi kuliko bunduki. Watu wa Songea huikumbuka siku ya kunyongwa huko kila Februari katika Makumbusho ya Majimaji, kwenye ardhi walikozikwa mashujaa wao, na hakuna sababu ya kuipunguzia uzito kwa kuifananisha na mchezo wowote. Kinachohusu historia hii ni pengo lililofuata: tabaka zima la watu waliopata cheo kwa uamuzi na ushujaa lilifutwa, na nafasi zao zikajazwa kwa idhini ya boma la Wajerumani. Kijana aliyezaliwa Ungoni karibu na mwaka 1900 alifikia utu uzima katika nchi ambayo njia ya zamani ya kujipatia jina ilikuwa imefungwa.

Wakati huo huo, pwani, njia nyingine ilikuwa imeshafunguka. Katika miaka ya 1890 vijana wa Mombasa na Lamu, waliosikia bendi za matarumbeta za wamisionari, za manowari na za Sultani wa Zanzibar, walianza kuunda vyama vya ngoma vilivyokuwa na bendi, sare na madaraja. Kila chama kilikuwa na mfalme wake, majenerali wake, makapteni wake, na wanawake nao walikuwa na malkia na maofisa wao. Vyama vilikwenda viwiliviwili, kila kimoja kikiwa hasimu wa mwenzake, kwa kuwa beni bila mshindani haikuwa na maana. Katika eneo la Wajerumani, kuanzia Tanga na Dar es Salaam, uhasimu huo ulitulia katika majina mawili yaliyodumu: Marini, kilichovutia zaidi makarani, watu wa pwani na waliosoma, na Arinoti, kilichopokea zaidi wafanyakazi wa mikono na wageni kutoka bara. Ilipofika mwaka 1914 majina hayo yalijulikana katika miji mingi ya koloni.

Mchezaji wa beni alikuwa na uamuzi wa kwanza wa kuchagua upande, na uchaguzi huo haukuwa wa siku moja. Aliyeingia Marini alijipatia wenzake katika kila mji wenye tawi la Marini, watu ambao wangempokea akifika mgeni, wangemuuguza akiugua na kumzika akifa ugenini, na papo hapo alijipatia wapinzani watakaotunga nyimbo za kumkejeli. Uamuzi wa pili ulikuwa wa cheo. Vyeo vilipatikana kwa kuchaguliwa na wenzake na kwa kutoa, na mtu aliyekubali kuitwa jenerali alikubali pia kwamba siku ya karamu yeye ndiye atakayetazamwa kwanza. Hapo ndipo wengi wa maofisa wa kikoloni, na baadhi ya waandishi waliowafuata, walipokosea: waliona kofia, fimbo na saluti, wakahukumu kwamba Waafrika wanawaiga Wazungu kama mtoto anavyomwiga mzazi, wasitambue kwamba kila kofia ilikuwa na deni ndani yake. Mwanahistoria Terence Ranger, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu beni, ndiye aliyeonyesha kwa upana kwamba ngoma hiyo ilikuwa shule ya uongozi, ya kupanga, na ya kukabili mabadiliko ya nyakati, na hoja yake bado haijapata wa kuipindua.

Vita Kuu ya Kwanza ndiyo iliyoisukuma beni mpaka Songea na kuivusha mipaka. Mwezi Septemba 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jenerali Edward Northey, yaliyotoka Nyasaland na Rhodesia, yaliingia Songea. Mwezi Septemba 1918 jeshi la Wajerumani chini ya von Lettow-Vorbeck, likirudi kutoka Msumbiji, lilivuka Ruvuma na kupita karibu na mji huo likielekea Njombe na hatimaye Rhodesia ya Kaskazini. Kati ya tarehe hizo mbili nchi ya Songea ilijaa watu waliovutwa kutoka kila upande: askari wa Wajerumani na wa King's African Rifles ya Waingereza, watumishi wa maofisa, na wapagazi ambao idadi yao ilizidi ya askari mara nyingi na ambao walikufa zaidi kwa magonjwa na njaa kuliko kwa risasi. Kambini, na hata miongoni mwa askari waliotekwa, Marini na Arinoti waliendelea kushindana. Mpagazi kutoka Ungoni au kutoka ufuko wa Ziwa Nyasa, ambaye kwa hesabu ya jeshi alikuwa mgongo tu wa kubebea mzigo, aliona kambini kwamba mtu wa hali yake anaweza kuwa kapteni jioni, na kwamba ukapteni huo una watu wanaoutii. Aliporudi nyumbani aliyachukua mambo hayo pamoja naye.

Serikali ya Uingereza iliyorithi koloni ilishtuka. Mwaka 1919 na 1920 maofisa wa usalama walikusanya taarifa kuhusu beni kutoka Kenya hadi Nyasaland, wakihofu kwamba chama chenye matawi katika kila mji, kinachoandikiana barua na chenye majenerali wake wenyewe, kinaweza kuwa jeshi lililojificha ndani ya ngoma. Wengi wao walihitimisha kwamba hakuna njama, jambo lililokuwa kweli kwa maana finyu. Hata hivyo hofu yao ilikuwa na kiini cha ukweli ambacho hawakukitaja: watu waliokwisha kuzoea kuchagua viongozi wao, kuwalipia karamu na kuwaondoa waliposhindwa, hata kama ni katika mchezo, wamekwisha kujifunza jambo ambalo serikali ya mabavu haiwafundishi.

Katika miji, beni ilianza kupoa katika miaka ya 1930, pale vijana wasomi walipohamia dansi, yaani muziki wa kucheza wawili wawili kwa santuri na magitaa. Kusini haikupoa; ilibadilika. Vijijini hakukuwa na tarumbeta za shaba wala fedha za kuzinunua, na ubunifu wa watu wa Ziwa Nyasa ulitoa jibu lake katika kibuyu. Kibuyu kirefu kilikatwa, kikatobolewa shimo la kuimbia, kisha tundu dogo likafunikwa kwa utando mwembamba wa buibui. Mtu alipoimba ndani yake sauti ilitoka ikiwa na mtetemo mkali wa shaba. Vibuyu hivyo, viitwavyo malipenga, vilitengenezwa kwa ukubwa tofauti ili vidogo vitoe sauti ya juu na vikubwa vitoe sauti nzito, na pamoja na ngoma moja kubwa vikawa bendi kamili. Wachezaji, wanaume, walisimama kwa mistari wakiwa wamevaa nyeupe, kaptura zilizopigwa pasi na soksi za kuvuta, wakasogea kwa hatua ndogo za pamoja, mwili ukiinama kidogo na kunyanyuka, bila haraka, kwa nidhamu ya gwaride lakini kwa ulaini ambao hakuna gwaride la Mzungu lililopata kuwa nao. Huo ndio mganda. Katika Nyasaland ndugu zake waliitwa mganda na malipenga, na kikundi cha kijiji kiliitwa boma, jina lile lile la ofisi ya mkoloni, kikiwa na mfalme wake na kapteni wake.

Ndani ya mganda uamuzi wa mchezaji ulikuwa na uzito zaidi kuliko katika beni ya mjini, kwa sababu kijijini hapakuwa na pa kujificha. Kijiji kilichoalika kingine kilichukua jukumu la kuwalaza wageni na kuwalisha kwa muda wote wa ngoma, na wageni walipoondoka waliondoka na deni la kualika siku nyingine kwa ukarimu usiopungua. Mfalme wa mganda aliyeamua kualika mwaka wa mavuno mabaya aliwaweka watu wake katika aibu; aliyekataa mwaliko alionekana anaogopa. Kapteni aliyekosea hatua mbele ya wapinzani aliimbwa. Mwamuzi wa mchezo huu hakuwa mtu mmoja aliyeketi kwenye meza. Alikuwa umati, wake kwa waume, uliojua nyimbo za pande zote mbili na uliokuwa na kumbukumbu ndefu. Tena hukumu yake haikufutwa na msimu mpya, kwa kuwa watu waliocheza ni walewale waliooana, waliokopeshana na waliokutana kwenye shamba na mtumbwi.

Uzoefu huo ulisafiri pamoja na wanaume wa kusini. Songea ilikuwa hazina ya wafanyakazi wa mbali: maelfu ya Wangoni, Wandendeule na Wamatengo waliacha mashamba ya nyumbani, ambako tumbaku ilianza kuwapa baadhi yao fedha katika miaka ya 1930, wakaenda kukata mkonge Tanga na sehemu nyingine za pwani, na baadaye, kuanzia mwaka 1944, waliandikishwa kupitia ofisi ya wenye mashamba ya mkonge iliyojulikana kama SILABU. Wengine wa ukanda wa Ziwa Nyasa walielekea magharibi, kwenye migodi ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini. Kambini, ngoma ilikuwa njia ya kujua nani ni nani.

Ni katika migodi hiyo ya shaba ambapo uamuzi wa wachezaji ulitoka nje ya uwanja kwa namna iliyoonekana na dunia nzima. Mwezi Mei 1935 serikali ilitangaza kodi mpya iliyowapandishia wachimbaji kutoka shilingi 12 na peni 6 za Kiingereza hadi shilingi 15. Mgomo ulianza Mufulira, ukafika Nkana, na tarehe 29 Mei polisi walifyatua risasi huko Luanshya na kuua wafanyakazi sita. Tume ya uchunguzi, iliyoongozwa na Sir Alison Russell, aliyewahi kuwa Jaji Mkuu wa Tanganyika, iliona chanzo kikubwa kuwa ni namna kodi hiyo ilivyotangazwa kwa ghafla. Lakini ilisikia pia ushahidi mwingi kuhusu chama cha mbeni, kama beni ilivyoitwa huko, na kuwahoji watu wake. Wachimbaji hawakuwa na chama cha wafanyakazi kilichoruhusiwa. Walichokuwa nacho ni watu waliozoea kupeleka ujumbe kutoka kambi moja hadi nyingine, kukusanya michango na kumtii mtu aliyevaa cheo walichompa wao wenyewe. Kwa miaka mingi wachezaji wa mbeni walikuwa wamefanya maamuzi ambayo hatari yake haikupita aibu ya kuimbwa. Mwezi Mei 1935 baadhi yao walitumia njia zilezile kuamua jambo ambalo hatari yake ilikuwa kifo, na waliojibu walikuwa polisi wenye bunduki.

Ngoma hiyo haikufa baada ya risasi za Luanshya. Mtaalamu wa jamii J. Clyde Mitchell, aliyeitafiti Luanshya mwanzoni mwa miaka ya 1950, aliikuta katika sura ya kalela: vijana waliovaa suruali nadhifu na viatu, wakiongozwa na mfalme, pamoja na daktari aliyevaa joho jeupe lenye msalaba mwekundu na mwanamke mmoja aliyekuwa muuguzi, ambaye kazi yake ilikuwa kuwapelekea wachezaji kioo na leso ili wabaki nadhifu. Vyeo vya vita vilikuwa vimeanza kuvipisha vyeo vya hospitali, kwa sababu cheo cha kuigizwa siku zote hufuata mahali ambapo wachezaji wanaona nguvu inakaa.

Tofauti moja na mchezo wa mezani yastahili kuelezwa kwa makini, kwani inasaidia kuona kila upande ulichagua nini. Watunzi wa Marekani walipata njia ya kumpa mchezaji uhuru mkubwa sana: mhusika wake anaweza kwenda popote, kusaliti, kuokoa, kufa, na mwendesha mchezo analazimika kuibadilisha dunia ya kubuni ili ijibu. Matokeo hubaki katika karatasi, na mhusika akifa mchezaji huandika mwingine. Mganda uliuwekea uhuru huo mipaka, kwani mfalme wa mganda hakuweza kuamua lolote linalomjia kichwani. Lakini matokeo ya machache aliyoweza kuamua hayakuwa ya karatasi. Jina lake alilibeba mwenyewe. Kwa watu ambao wazazi wao walikuwa wameona unduna ukining'inizwa kwenye kamba mwaka 1906, mchezo wenye matokeo ya kweli ulikuwa na thamani ambayo mchezo usio na hatari usingeweza kuwapa, na ni haki kuwatambua kama wabunifu wa utaratibu wao wenyewe, wala si wanafunzi watiifu wa gwaride la mwingine.

Baada ya uhuru mganda uliingia katika orodha ya ngoma za asili za kusini, ukiwekwa pamoja na lizombe ya Wangoni na kioda ya wanawake wa ufukoni. Jukwaani, mbele ya viongozi, ngoma hupewa dakika chache, wageni hupiga makofi, na kikundi hushuka. Hapo hakuna kijiji hasimu, hakuna karamu ya kulipizwa, na kapteni akikosea hatua hakuna atakayemtungia wimbo. Vikundi vya ufuko wa Ziwa Nyasa na vya bara la Ruvuma vinavyoendelea kualikana kijiji kwa kijiji ndivyo vinavyoshikilia sehemu ya mchezo ambayo jukwaa haliwezi kuibeba, na mtafiti anayetaka kujua beni ilikuwa nini atajifunza zaidi kwa kufuatilia nani alimwalika nani, nani alilisha na nani bado anadaiwa, kuliko kwa kuhesabu vifungo vya sare.